Gari Linalala Wapi?

Siku ya kwanza niliyofika Mtae, kijiji kilichoning'inia ukingoni kabisa mwa Usambara Magharibi, nilikaa juu ya jiwe kando ya barabara tangu saa tisa alasiri nikisubiri basi la kunirudisha Lushoto. Sikuwa na wasiwasi wowote. Jana yake nilikuwa nimeuliza stendi ya Lushoto kwamba gari la kushuka kutoka Mtae huondoka saa ngapi, nikajibiwa bila kusita kwamba huondoka saa kumi, nami nikaandika "saa kumi" kwenye daftari langu na kuliona jambo hilo limekwisha. Saa kumi ikapita. Ilipokaribia saa kumi na moja basi likatokea, lakini lilikuwa linapanda. Abiria wakateremka na mizigo yao, utingo akashusha matenga matupu kutoka kwenye keria, dereva akazima injini, akatupa taulo begani na kwenda zake.

Mzee mmoja aliyekuwa akinitazama kwa muda mrefu kutoka barazani kwake akanisogelea. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza namsubiri nani. Nikamwambia kwamba nasubiri gari la saa kumi. Hakucheka, jambo ambalo namshukuru hadi leo. "Gari la saa kumi lipo," alisema, "lakini ni saa kumi ya usiku. Hapa gari halipiti, mwanangu. Hapa gari linalala."

Aliyenijibu stendi hakunidanganya hata kidogo. Kwake na kwa kila mtu anayelitumia gari lile hakuna saa kumi nyingine ya kushukia mlimani, kwa hiyo hakuona haja ya kuongeza neno "usiku" mbele ya jambo lililo wazi. Kosa lilikuwa la swali langu. Niliuliza kama mtu wa Dar es Salaam ambaye daladala likimpita hutazama tu nyuma yake kuona lijalo, wakati milimani gari ni moja au mawili kwa siku, na kila moja lina kijiji chake linakolala na kutoka alfajiri. Tangu siku hiyo nimerudi Usambara mara tatu zaidi, kila mara kwa miguu yangu na kwa magari ya abiria, na swali ambalo huanza nalo kabla ya kupanga lolote ni hili moja: gari linalala wapi?

Kwa asiyeifahamu nchi yenyewe, Usambara ni milima ya mkoa wa Tanga, sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, nayo hugawanywa na bonde la mto Lwengera kuwa Usambara Mashariki, kulikojulikana zaidi kwa misitu ya Amani, na Usambara Magharibi, kuliko na Lushoto. Mimi hupenda upande huu wa magharibi kwa sababu watu wanaishi humo kote, juu hadi chini, na mahali penye watu pana njia za miguu. Lango lake ni Mombo, mji wa joto ulio kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, takribani mita 400 kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara nyembamba huukwea mlima kupitia Soni hadi Lushoto, umbali wa kilomita 33 tu, lakini katika kilomita hizo unapanda karibu mita 1,000, na mtu aliyetoka Mombo akijipepea kwa gazeti hufika Lushoto akitafuta sweta. Wajerumani waliupenda mji huo kwa baridi yake, wakauita Wilhelmstal.

Mombo ndiyo inayoeleza kwa nini magari ya milimani yana tabia ile. Reli ya Usambara iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na hata baada ya treni kupoteza umuhimu wake na lami kuchukua nafasi, kila kitu kinacholimwa juu kimeendelea kutafuta njia ya kufika pale chini: kabichi, karoti, viazi mviringo, nyanya, pilipili hoho, peasi na plamu. Mzigo ukichelewa, soko la mjini linakuwa limeshapata wauzaji wengine. Mgonjwa anayekwenda hospitali anataka kufika kabla ya foleni kuwa ndefu, na mwenye shauri ofisini Lushoto anataka kulimaliza na kurudi siku hiyo hiyo. Ndiyo maana magari hushuka gizani na kupanda alasiri. Ratiba hiyo imepangwa kwa ajili ya mkulima, naye mtembezi ni mgeni ndani yake. Akitaka kutoka asubuhi Lushoto, kutembelea kijiji cha mbali na kurudi jioni, atakuwa anakwenda kinyume cha mkondo mara mbili kwa siku moja.

Usiku ule wa Mtae nililala katika nyumba ya wageni yenye vyumba vichache. Sweta langu lilikuwa ndani ya begi, na begi lilikuwa Lushoto, kwa kuwa nilitoka na shati jepesi nikidhani nitarudi kabla jua halijazama. Mwenye nyumba aliniongezea blanketi la pili bila kuombwa, na nadhani haikuwa mara yake ya kwanza. Hata hivyo kukwama huko kulinipa kitu ambacho mpango wangu ungeninyima. Kabla ya giza mzee yule alinipeleka hadi kwenye ukingo wenyewe, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na macho yanadondoka hadi kwenye tambarare kavu ya Mkomazi, milima ya Upare ikiwa imekaa upande wa pili kama mabega ya watu waliochuchumaa. Aliniambia kwamba siku zenye anga safi Kilimanjaro nao huonekana. Jioni hiyo haukuonekana, nami sikuujali. Chini kabisa kulikuwa na jua bado, huku sisi juu tukiwa tumeshaingia kivulini, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa macho yangu kwamba milima hii ni kisiwa chenye maji katikati ya nchi ya ukame.

Honi ililia saa tisa na nusu usiku. Ililia tena, kwa muda mrefu zaidi, kisha milango ikaanza kufunguka kijiji kizima na tochi zikateremka kutoka pande zote. Ndani ya basi mlikuwa na viroba hadi miguuni, kina mama wenye watoto mgongoni, wanafunzi waliokuwa wakirudi shuleni, na bibi mmoja mgonjwa ambaye wajukuu wake walimwekea mto ubavuni. Kila aliyeingia alisalimia gari zima. Tulishuka gizani, na kupambazuka kulitukuta tukiwa tumekaribia Lushoto, yaani njia niliyokuja kuitazama niliipita bila kuiona. Hilo ni la kukumbuka kwa mtu anayetaka kuona nchi: gari la kushuka ni la kusafiria tu, na linaloonyesha milima ni gari la kupanda, lile la mchana, ukipata kiti cha dirishani na kukubali kwamba litasimama kila penye mtu mwenye kiroba.

Safari ya pili nilipanga kila kitu kwa kuanzia mwisho. Nilitafuta kwanza magari yanalala wapi, nikaambiwa vijiji kadhaa, Mtae kikiwa kimojawapo, kisha nikauliza kati ya hapo na Lushoto pana vijiji gani vyenye mahali pa kulala mgeni. Nikapata mstari: Lushoto, msitu wa Magamba, Lukozi, Rangwi, Sunga, Mtae. Kwa miguu ni mwendo wa siku tatu kwa mtu asiye na haraka, na mwishoni gari lililolala linakusubiri wewe, badala ya wewe kulisubiri lenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Anayetembea akiwa na gari la kuwahi hutazama saa kila anapopumzika, hukataa kualikwa kukaa, na anapopotea njia moyo humwenda mbio, lakini mimi safari hiyo nilipotea mara mbili na mara zote mbili nilikunywa chai kwa watu.

Begi kubwa nililiacha Lushoto kwenye nyumba niliyolala, nikabeba mfuko mdogo wenye sweta, koti la mvua, soksi za kubadili, maji na tochi. Tochi huonekana kama ya kupita kiasi hadi siku utakapotakiwa kulifuata gari saa tisa na nusu usiku kwenye njia yenye mawe. Noti ndogo pia ni muhimu, maana konda wa gari la alfajiri hana chenji, na dukani kijijini noti kubwa ni mzigo unaomtupia mwenye duka.

Kuhusu Magamba, msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kuingia kuna kiingilio chake. Nilipita na kijana wa Lushoto anayeongoza wageni, na kusema kweli nilikuwa nimemchukua kwa shingo upande, nikijiona kwamba Mtanzania haongozwi nchini mwake. Baada ya nusu saa nilijirudi. Ndani ya msitu njia za wakata kuni wa zamani, njia za doria na njia za wanyama zinafanana kabisa, na ukungu ukishuka hata mteremko huujui unaelekea wapi. Yeye ndiye aliyesimama ghafla na kunionyesha mbega juu ya mti, weusi kwa weupe, wakiwa wametulia kimya kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Peke yangu ningewapita.

Nje ya msitu mambo ni mengine, kwa kuwa huko hakuna hatua mia mbili utakazopiga bila kukutana na mtu wa kumuuliza. Ila kuuliza nako ni kazi. Nilianza kwa kuuliza "ni mbali?" na kila mara nikajibiwa "ni hapo tu," jibu ambalo hutolewa kwa upole ili mgeni asikate tamaa, na ambalo lilinichosha kuliko mlima wenyewe. Kisha nikaanza kuuliza "wewe ukitoka sasa hivi, unafika saa ngapi?" Hapo watu walifikiri, wakatazama jua, wakanipa saa. Saa hiyo ilikuwa ni ya miguu yao, miguu iliyokua ikipanda mlima na ndoo ya maji kichwani tangu utotoni, kwa hiyo niliongeza nusu yake tena na mara nyingi sikukosea sana. Kina mama wanaotoka shambani ndio walionipa majibu ya kuaminika kuliko wote, kwa sababu wanaijua njia wakiwa wamebeba mzigo. Vijana wa bodaboda hukuhesabia kwa dakika za pikipiki, na kwa mtembea kwa miguu hesabu hiyo ni mtego.

Ramani ya simu nayo ilinisaidia nusu nusu. Huonyesha barabara, na barabara za Usambara huzunguka mabega ya milima kwa sababu gari haliwezi kufanya vinginevyo. Njia za watu hazizunguki. Hushuka moja kwa moja hadi kwenye kijito, huvuka kwa gogo, hupanda upande wa pili zikiwa zimesimama kama ngazi. Kati ya Lukozi na Rangwi niliona kwenye simu kwamba kijiji ninachokitafuta kipo karibu nami kabisa, nikakifurahia, halafu nikatumia sehemu kubwa ya alasiri kuteremka bonde na kulikwea tena. Milimani umbali wa kuona kwa macho hauna maana yoyote, na mtu anayehesabu kilomita bila kuhesabu mabonde atalala njiani.

Njia nyingi kati ya hizo ni mipaka ya mashamba, na hapo kuna adabu ambayo hakuna bango linaloiandika. Unapita juu ya tuta au kando yake, kamwe huuvunji ukingo wake wala hukati pembe kupitia kwenye maharage ya mtu hata kama njia inazunguka. Nilifundishwa jambo hilo na baba mmoja aliyekuwa analima juu ya Lukozi, aliyeniita kwa sauti ya mbali, "Kaka, shuka huko!" Nilirudi nikaomba radhi. Tulipokaa kupumzika alinieleza kwamba tuta moja likibomoka mvua huchukua na la chini yake, na kwamba babu yake aliyachukia matuta kwa sababu wakoloni waliwalazimisha watu kuyachimba. Hilo ni kweli kihistoria. Waingereza walianzisha mradi wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo mwaka 1946, wakautanua hadi sehemu nyingine za Usambara, na Wasambaa waliupinga kwa ukaidi kwa sababu ulidai kazi nyingi kutoka kwa watu waliokuwa na ardhi kidogo, hadi ukaachwa kabla ya uhuru. Mjukuu sasa anachimba matuta yake kwa hiari na kumfokea mgeni anayeyakanyaga. Nilitamani babu huyo angekuwepo kumsikia.

Siku za gulio hubadilisha kila kitu. Nilipofika kijijini siku ya soko, magari ambayo kwa kawaida huonekana mara moja kwa siku yalikuwa yamejaa barabarani, Noah zimebanwa watu, Fuso zinapakiwa kabichi hadi maturubai yanapasuka, na mtu aliyechoka kutembea angeweza kupata usafiri karibu saa yoyote. Ukiwa na miguu dhaifu, panga safari yako iguse siku hizo. Ukipenda utulivu, ziepuke. Nilialikwa mara mbili kupanda juu ya mzigo wa Fuso bure, na mara zote mbili nilikataa, ingawa walionialika walikuwa watu wema. Nimeziona kona za barabara ile na nimeona jinsi kabichi zinavyohama upande mmoja gari likipinda. Kwa sababu hiyo hiyo sipandi bodaboda kushuka mlima wakati udongo mwekundu umelowa. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, ninaiacha kabisa, maana hata basi hukwama kwenye tope na gari lililokwama halilali pale linapopaswa kulala. Juni hadi Agosti njia ni ngumu na safi, lakini asubuhi ni za baridi na ukungu. Nilikwenda Irente, ule ukingo maarufu ulio mwendo mfupi kutoka Lushoto unaotazama Mazinde chini yake, mara ya kwanza asubuhi ya mwezi wa saba, nikasimama mbele ya ukuta mweupe kwa saa nzima. Nilirudi jioni na kila kitu kilikuwa mahali pake.

Safari fupi zaidi, kwa asiye na siku tatu, ni kushukia Soni wakati gari linaelekea Lushoto, kutazama maporomoko yake, kisha kutembea kuelekea Vuga na kurudi Soni kabla ya jioni. Barabara ya Mombo na Lushoto ndiyo pekee huko ambayo magari hupita mfululizo mchana, kwa hiyo kosa langu la Mtae haliwezekani hapo. Vuga ilikuwa makao ya wafalme wa Wakilindi waliowatawala Wasambaa, na Kimweri ye Nyumbai aliyefariki mwaka 1862 alikuwa mashuhuri kuliko wote. Leo huoni kasri wala ngome, ila ukisimama pale juu na kuona ni mabega mangapi ya milima yanayoonekana kwa mara moja, huhitaji kuelezwa kwa nini walipachagua.

Safari ya mwisho nilikwenda na mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa amesikia kisa cha saa kumi mara nyingi kiasi cha kunikatiza. Tulifika Mtae jioni ya siku ya tatu tukitokea Sunga, miguu ikiwa mizito na vumbi limetupaka hadi magotini. Basi lilikuwa tayari limeegeshwa, na dereva alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango akila chungwa. Nilimsalimia, nikamuuliza kama viti vya mbele vimechukuliwa, akasema kimoja tu, cha mgonjwa. Tukalipa nauli za viti viwili papo hapo, tukaenda kutafuta chakula.

Usiku honi ilipolia mdogo wangu alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Kwenye njia ya kutoka nyumba ya wageni alisimama, akazima tochi ili aone vizuri zaidi, akanionyesha taa chache zinazotembea chini kabisa, mbali kwenye tambarare, magari ya barabara kuu ya Moshi yakienda bila sauti. Honi ikalia mara ya pili. Akawasha tochi, tukashuka.